Muhuri wa Orysia

Saskatoon, Februari. Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
watu wanasalimiana kwa nyusi, mdomo umefichwa.
Sisi wawili tuko ndani, meza ya kona,
kahawa ya tatu, kadi themanini za maswali.
Orysia Wasylyshyn ana miaka hamsini na mitatu.
Anaandika programu tangu skrini zilipokuwa na nundu.
Leo anataka cheti.

"Kadi ya kwanza," nasema. "Mahitaji ni nini?"
Anakoroga kahawa isiyo na sukari.
"Ni kile mteja alichosahau kukuambia
kwa sababu kwake ni dhahiri kama theluji."
Kitabu hakisemi hivyo.
Kitabu kina ibara nne na mchoro.
"Basi andika ya kitabu," namwambia, "upasi."
Anaandika ya kitabu. Mwandiko wake unalala upande,
kama uzio uliosukumwa na upepo.

Usanifu. Ujenzi. Matunzo.
"Jaribio la mpaka?"
Hapo kijiko kinasimama.

Mwaka ule wa mavuno mema, ghala la nafaka la Torvald,
mizani ya malori ilitii programu yake.
Lori lilipanda, ngano ikapimwa, risiti ikatoka.
Mstari mmoja, wa mia nne na kumi na mbili,
ulikata tarakimu ya mwisho badala ya kuikadiria.
Kilo saba hapa. Kilo tisa pale.
Haba na haba, na kibaba cha watu kikapungua.
Hakuna aliyelalamika. Nani ahesabu punje
na lori limebeba tani thelathini?
Aliliona mwenyewe, usiku, akitafuta kitu kingine.

Bosi alisema: rekebisha, kisha nyamaza.
Alirekebisha.
Akaendesha gari shamba kwa shamba na bahasha za hundi,
wakulima arobaini na mmoja.
Mmoja alicheka. Mmoja alimfungulia mbwa.
Mmoja, Einar Brandvold, alikuwa amezikwa wiki mbili kabla,
hana mke, hana mtoto,
na hundi yake ilikuwa dola kumi na tisa na senti arobaini.

"Jaribio la mpaka," anasema sasa,
"ni kusimama pale namba inapobadilishwa jina,
sita ikiitwa kumi, nne ikiitwa sifuri,
na kuuliza: nani anapoteza hapa?"
Nikageuza kadi. Jibu hilo halikuwamo.
Nikampa alama.

Mtihani ulikuwa Aprili. Muhuri ulikuja Juni
ndani ya sanduku dogo la kadibodi:
raba, mpini wa mti, jina lake, namba yake.
Wahandisi wa madaraja hugonga mihuri kwenye michoro;
daraja likianguka, karatasi inataja mtu.
"Na mimi," akaniuliza, "niugonge wapi?
Programu haina ngozi.
Tangu jana imebadilika mara nne,
na nusu yake waliiandika watu nisiowajua.
Mmoja anajiita Bundi."

Nilitaka kumwambia kuna saini za kidijitali,
kuna funguo za siri, kuna kumbukumbu za kila badiliko,
sura ya tisa, ukurasa wenye doa la kahawa.
Nikameza. Yote hayo aliyajua,
ndiyo maana alipasi.

Akafungua droo.
Bahasha ya Brandvold ilikuwa humo bado.
Aliwahi kuiposti kwa dada yake marehemu, huko Alberta,
mara mbili, ikarudi mara mbili.
Akaipuliza raba vumbi la kiwandani,
akaichovya wino, akagonga juu ya gundi iliyokauka.
Wino ukanywewa na karatasi kuukuu,
herufi zikavimba kidogo pembeni.

"Kisheria haifai," nikasema.
"Najua."
Akavuta kiti, akavaa miwani.
"Haya, nionyeshe alichoandika Bundi jana usiku.
Anza pale anapokata namba."