Mosa

Mama Kaluwa aliileta imeviringwa ndani ya shuka,
Jumatano, umeme umekatika,
akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia vioo:
"Unifanyie kadre. Na usinipe bei ya wazungu."

Karatasi rangi ya chai iliyosahauliwa.
Katikati mto umejipinda kama utumbo wa mbuzi,
kila mji na mnara wake, vilima kama vichuguu,
na kwenye kona malaika wawili wanene
wameshika bikari kana kwamba wanagombea nyama.
MOSA FLU., imeandikwa. Nikasoma: Mosa.
Kama jina la mtoto wa kwanza.

Mumewe alipiga pasi miaka kumi na tisa
katika nyumba moja ya Makomeno.
Siku bwana alipofunga masanduku
mshahara wa kumalizia haukuwepo. Ramani ilikuwepo.
Ikaja Katuba, ikakaa chini ya godoro,
ikalaliwa na watoto sita.

Baba yangu alikuwa kwenye kiti chake cha mlangoni.
Macho aliyaacha kwenye tanuru;
vidole bado vipo kazini.
Akapapasa ukingo, akalipata lile bonde jembamba
linaloizunguka picha pande zote nne.
"Hapa bamba liligandamiza. Hii ni shaba, Monga."
Nikamwambia ni karatasi.
"Karatasi ni shahidi tu. Kuna mtu alikaa na shaba
akaikwaruza wimbi kwa wimbi, kinyumenyume,
mashariki ikiwa kushoto.
Na ukikosea, shaba haifutiki.
Unaigeuza, unaipiga nyundo mgongoni."

Mama Kaluwa aliuliza jambo moja:
"Wanawake wa huko walikuwa wanafulia wapi?"
Tukatafuta. Madaraja matano,
kinu, mti wa kunyongea watu.
Pa kufulia hatukupaona.

Mto wetu, uliotupa jina la mji mzima,
kiangazi unauvuka viatu mkononi,
na hakuna aliyeuchorea malaika.

Nikaiinua mlangoni nipate mwanga wa kupimia,
nikawa nyuma yake:
jua likapenya, mto ukageuka,
ukakimbilia mkono mwingine
kama ulivyokimbia ndani ya shaba kabla ya wino.
Sikusema kitu.
Baba akageuza uso upande huo
kana kwamba amesikia maji.

Kioo nilikikata saa kumi.
Alilipa nusu. Nusu nyingine, alisema,
mwezi ukiisha.