Mtu Huru

Torbjørg alipeleka daftari lake mwenyewe:
usiku kumi na tisa, zamu kwa zamu,
wazee waliolala na nepi moja
tangu saa mbili hadi alfajiri.

Uongozi ukamwitia mtu huru kutoka Oslo.
Alifika Bergen na mvua, mpole,
akakung'uta mwavuli mlangoni,
akamuuliza kama angependa maji.
"Mimi si wa upande wowote," alisema,
na kalamu aliyoandikia
ilikuwa na nembo ya makao yetu.

Mimi ndiye ninayepokea ankara.
Yake iliitangulia ripoti kwa siku nane:
saa arobaini na moja, chakula cha jioni,
na mstari mmoja mdogo,
*marekebisho ya rasimu, baada ya kikao na mkurugenzi*.

Ripoti ikaja imepigwa pasi.
Daftari likaitwa hisia.
Nepi zikaitwa changamoto za mawasiliano.

Sikuhitaji kumtafuta ngedere
katika kesi ya nyani;
namba yake ya akaunti nilikuwa nayo mkononi.

Nikagonga muhuri: ilipwe.

Torbjørg akapita, koti limelowa,
akaniuliza kama kuna habari.
Nikamwambia kuna mvua.