Risiti Nambari Saba

Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii, Lamu.
Asalaam aleikum. Baada ya salamu:
zile elfu arobaini na nane na mia tano
mlizotupa mwezi wa Mfunguo Nne
ziliingia benki Jumatatu.
Kufika Alhamisi benki ilishamega mia mbili,
sisi hata mikono hatujanawa.

Kikundi kina watu kumi na mmoja:
wachukuzi wa punda wanne, mwalimu wa chuo,
Shekuwe anayepaka nyumba chokaa,
mapacha wa Bi Mwanasheshe, usiowajua nani ni nani
mpaka mmoja ashike upande wa miguuni,
na wengine, majina yamo kwenye fomu.
Hatulipwi.
Mji wetu ni vichochoro; gari haliingii,
mgonjwa hutolewa kwa mabega.
Zamani tulimlaza juu ya mlango wa choo cha kina Bunu,
tukiung'oa bawabani na kuurudisha alfajiri,
na wenye nyumba wakijizuia, Mungu awalipe.

Sasa tuna machela.
Boriti mbili za mkoko, turubai, mikanda sita.
Risiti ya kwanza hadi ya tano zimebanwa kwa pini.
Ya sita ni ya seremala Lali Famau,
ameiandika nyuma ya ratiba ya Ramadhani iliyopita;
mkiigeuza mtaona saa za kufuturu.

Ya saba haipo.

Mmeniuliza kwa barua yenye muhuri:
"Mawe, shilingi mia tatu hamsini. Mawe ya nini?
Kisiwa chenu si chote mawe?"

Mawe ya tochi, bwana.
Usiku ule umeme umekatika mji mzima,
Mwanajabu wa Twalib ameshikwa na uchungu huko Gadeni,
na tochi yetu ikafumba jicho tukiwa katikati ya ngazi.
Tukasimama na mzigo wetu unaolia.
Shekuwe akapiga ukuta kwa ngumi, chini ya duka la Athman Kombo.
Dirisha la juu likafunguka.
Kikapu kikateremka kwa kamba, ndani mna mawe manne.
Tukatia pesa, kikapu kikapanda.
Kikapu nacho nikidai risiti?

"Ndia! Ndia! Mgonjwa!"
Hata punda, ambao hawampishi mtu,
walijibana ukutani.
Mtoto hakungoja hospitali.
Alizaliwa barazani kwa fundi cherehani,
juu ya turubai la serikali,
chini ya mwanga wa mawe yasiyo na risiti.

Turubai tumelifua mara tatu.
Kwenye daftari la mali nimeandika:
*machela moja, hali nzuri, ina doa.*

Sasa lile swali lenu la idadi ya walionufaika.
Tumebeba ishirini na tatu.
Wawili tuliwarudisha kwao siku ile ile,
wamefunikwa, taratibu, bila kupiga kelele za ndia.
Sijui wao niwaweke safu gani.
Na usiku wa Gadeni tulibeba mmoja
tukafikisha wawili;
nimejumlisha kutoka juu, nikajumlisha kutoka chini,
hesabu inanikataa.

Kutoa ni moyo, walisema wa kale.
Hawakuwahi kujaza fomu ya kurasa tisa.

Ndani ya bahasha mna mia tatu hamsini.
Ni za kofia ninayoidarizi, nimepewa malipo ya mbele.
Zipokeeni, vitabu vyenu vilale sawa,
ila naomba msiandike "kosa limesahihishwa."
Andikeni: *betri, usiku.*

Kwa mwaka ujao hatuombi makubwa.
Viatu vya mpira, jozi kumi na moja.
Mvua ikinyesha juu ya samadi
njia huteleza kama bamia,
na juzi pacha mmoja alianguka kwa magoti.
Machela haikugusa chini.

Wenu katika kazi,
Mwanashee Kupi, mtunza hazina.
Muhuri wetu umekauka wino.
Nimetia dole gumba.