Boksi la Nyanya

Usifungue mfuniko.
Hilo ndilo neno langu la kwanza kila Julai,
kwa kila kijana anayekuja mbio na kitambaa mkononi
akiona mvuke chini ya boneti.
Nina kovu, toka kifundo mpaka kiwiko.
Maji ya rejeta yalinifundisha kusubiri.

Casilda hakufungua. Alikaa juu ya tairi la akiba,
akala tikiti, akatema mbegu upande wa jua.
Magari thelathini na moja kwenye foleni,
vilima vya Filabres mbele yetu vimekauka kama mkate wa juzi.
Nyuzi arobaini na mbili kivulini,
na kivuli chenyewe ni cha mwavuli wa bia.

Gari lake lina viti viwili na kiburi cha wanne.
Likikimbia, halishikiki. Likisimama, linaugua.
Kipupwe chote tulilibadilisha matumbo:
rejeta ya alumini, pana kama sinia ya harusi,
pampu mpya, thamostati ya kufunguka mapema,
feni mbili zenye hasira ya nyuki.
Tuliliinua pua, tukatoa hewa kwenye mipira,
kiputo cha mwisho kikatoka saa nane usiku.
Mshahara wake wa miezi miwili ya kufunga nyanya
ulizunguka humo ndani, umechanganywa na maji.

Na mshale ukapanda.
Tisini na tano.
Mia na mbili.
Mia na nane, na bado hatujaitwa.

Nikalala kifudifudi mbele ya bampa kama anayesaka sarafu.
Nikawasha sigara, ingawa niliacha tangu Basilio azaliwe,
nikapuliza.
Moshi ukaiendea rejeta, ukaitazama, ukageuka,
ukapenya pembeni, kwenye pengo la vidole vinne,
huyoo, ukaenda zake.
Nilicheka mpaka Casilda akadhani jua limenipiga.
Hewa haipiti penye kazi ikiwa jirani pana mlango.
Tulikuwa tumenunua baridi
na hatukuwa tumeionyesha njia.

Boksi lilikuwa la kiwandani kwake,
limeandikwa *Daraja la Kwanza*.
Tukalikata kwa kisu cha tikiti, kingali na utamu,
tukaziba kushoto, tukaziba kulia, juu tukaweka ulimi,
tepu ya kijivu ikafunika aibu.
Mhandisi wa timu ya Murcia, mwenye kompyuta na viatu visafi,
alitutazama
kama wanavyotazamwa watu wanaofunga jeraha kwa gazeti.

“Ukizidi mia na tano,” nikamwambia, “washa hita.”
“Hita? Leo, Ginés?”
“Mpaka mwisho. Dawa ya moto ni moto.”

Ukiwa chini huoni kitu. Unasikiliza tu.
Mlima hutafuna sauti, huirudisha vipande vipande:
gia ya tatu, ya pili, ya tatu tena, tairi likilalamika.
Kona ya saba, kimya.
Nikahesabu. Kovu likaanza kuwasha.
Nikahesabu tena, kwa kunong'ona, kama mtu anayekopa.
Kisha, upande wa pili wa mlima,
mlio mwembamba kama uzi,
unapanda.

Aliposhuka alishuka taratibu, gia kubwa, madirisha wazi.
Hakuzima. Aliliacha lipumue dakika tatu nzima
huku feni zikimalizia ugomvi wao.
Uso wake umeiva, nywele zimeganda shingoni,
na toka miguuni pake hita ilikuwa bado ikivuma.
“Mia na nne,” akasema. “Haukuvuka.”
“Basi hita ya nini?”
“Niliwasha kona ya pili. Sikutaka liugue peke yake.”

Wa kumi na tisa. Mwaka jana hatukufika juu.
Mhandisi wa Murcia akaja polepole, akiangalia pengine,
akauliza kama tuna boksi jingine.
Casilda hakumsikia. Alikuwa amevua viatu,
amesimama kwenye kidimbwi cha barafu iliyoyeyuka
iliyokuwa inapoza bia za watu,
macho ameyafumba,
anashuka nyuzi moja moja.