Mpanga Marobota

Katika kitabu cha mishahara nilimwandika
Bujiku Lugoye, mpanga marobota,
shilingi mia mbili kwa mwezi,
naye hajapata kugusa robota hata moja.

Meneja alimwona Magu, anacheza peku
kwenye kiwanja chenye visiki.
Akamnunulia njumu, akaniambia:
Karani, mtafutie kazi. Ya kwenye karatasi tu.

Wapanga marobota wenyewe walijua.
Migongo iliwauma, na walijua.
Lakini Jumamosi, Nyamagana,
alipoupokea mpira kwa kifua
akautuliza kama anamlaza mtoto mbishi,
akageuka, na beki wa Bukoba akabaki
kama mtu aliyeangusha senti majanini,
wao ndio waliopasua koo kuliko wote:
Huyo wa kwetu! Wa ghalani!

Bukoba wakamtaka. Wakaja kwa meli,
wakalala gesti ya Kirumba, wakampa baiskeli.
Meneja akaniita: ongeza arobaini.
Nikaongeza. Bujiku akabaki kinuni,
baiskeli hakuirudisha.

Misimu sita.
Wa saba, kwenye tope, na timu ya reli kutoka Tabora,
goti likalia. Nililisikia kutoka jukwaani,
au nadhani nililisikia; siku hizi sina hakika.

Bugando wakalifunga plasta.
Meneja hakwenda kumwona. Alikuja ofisini kwangu,
akasimama dirishani, akitazama ziwa,
akasema: Lugoye akipona, apange marobota.

Nikafungua kitabu, kalamu mkononi.
Hapakuwa na la kufuta.
Jina lilelile, kazi ileile.
Nilipunguza arobaini, basi.

Siku aliyoingia ghalani akichechemea
wenzake walimwachia safu ya chini,
ile isiyotaka kupanda ngazi.
Ng'wigulu, kwa utani au kwa heshima, sijui,
akaviringa donge la pamba, akalisukuma
taratibu kuelekea mguu wake mzima.
Ghala lote likanyamaza.
Bujiku akalitazama. Akainama kwa shida,
akaliokota kwa mkono,
akalirudisha kwenye gunia.

Zamani bahasha yake ilipitia mlango wa nyuma.
Mwisho wa mwezi ule alipanga foleni,
vumbi jeupe kwenye nyusi,
akapokea, akasogea pembeni
akazihesabu noti zake mara mbili,
jambo ambalo kabla ya hapo
hakuwahi kunifanyia.