Mililita Tano

Sufiani, kunja mkono wa shati.
Ni mimi, dada'ko, si yule
anayekusemesha kwenye feni.

Mililita tano tu. Kifuniko cha kijani,
nambari badala ya jina:
huko maabara hapa Bombo hawatajua
kwamba ulikuwa fundi saa, Barabara ya Nane,
wala kwamba mama alizunguka Pangani na Muheza
akiuliza nani kakurushia nini,
akarudi na hirizi, na deni.

Wanatafuta kimeng'enya,
kinavyofanya kazi: upesi, au kwa uvivu,
kama kibarua wa mkonge
anayehesabiwa mafungu jioni.
Huenda, wamesema. Huenda
damu inajua jambo kabla ya ulimi.

Hiyo "huenda" nimetembea nayo wiki nzima
kama yai mfukoni.
Maana kikipatikana kipimo
jirani atasema "anaumwa",
kama asemavyo sukari, presha,
na mama atalala.

Lakini wewe umeutazama mrija ukijaa,
ukaniuliza, kwa sauti yako ile ya zamani:
"Na wao wanaosema, wamo humo pia?"

Nikabonyeza pamba.
Shikilia hapa, nikasema.
Hadi ikome.