Tanbihi ya 41

Msimamizi ameandika pambizoni, wino mwekundu:
Chanzo ki wapi?

Nimeifungua tena hati ya mirathi ya Mkomani.
Mchwa wamekula tarehe.
Boriti, korija tatu.
Sahani za Kichina zimetajwa moja moja,
hata iliyopasuka.
Kisha: mjakazi mmoja.
Jina hakuna.

Bibi asema nyanyake aliitwa Zafarani,
alichoma mofa kwenye nyumba ile ile,
na homa ikimpanda alisema lugha
ambayo Lamu nzima hakuna aliyeijua.

Uzamili wataka karatasi.
Nami, chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi za sisimizi:

41. Zafarani. Mahojiano, jikoni, Langoni.
Msimulizi akimenya vitunguu.
Mwulizaji: kilembwe chake.